Siku Mzee Alipohesabu Midundo ya Gari Langu

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu mke wangu ametishia kulisimulia yeye, na akilisimulia yeye nitaaibika mara mbili.

Nilikuwa naenda Lupiro kujitambulisha kwa baba yake Rehema (mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, jambo ambalo sikuuliza mapema, ujinga wangu), na asubuhi hiyo fundi wangu hapa Ifakara akalibonyeza gari nyuma kwa mikono miwili, akaachia, likadunda mara nne ndipo likatulia.

"Shokapu za nyuma zimekufa, kaka. Ona zinavyovuja mafuta. Nzima inadunda mara moja tu."

Kuzibadili kungechukua mpaka jioni na mimi Lupiro nangojwa mchana, nikamwambia apanguse tu yale mafuta, nikapita nyumbani Katindiuka nikapakia magunia matatu ya mpunga wa mama, tena wa mbegu (bila kumwambia, si ningeurudisha jioni!), uzito ulikandamize gari nyuma, nikabonyeza, halikudunda. Nikajiona fundi.

Nafika, shikamoo sijamaliza, shangazi zake Rehema wameshafungua mlango wa nyuma.

"Mkwe kaja na mpunga!"

Vigelegele. Sasa wewe ungesema nini, kwamba ule ni wa kutulizia gari? Nikabaki nacheka meno yote nje huku mbegu za mama zikiingia ndani gunia moja moja na gari likiinuka nyuma.

Mzee naye akasema, "Kijana, twende kanisani mara moja tukamchukue kaka yangu, mazoezi ya kwaya yameisha."

Tuta la kwanza, kofia ya mzee ikagonga dari. La pili, ikamshukia machoni. Akaivua, akaipakata. Tulipofika akashuka, akazunguka nyuma, akabonyeza mbele ya kwaya nzima.

"Moja," akahesabu. "Mbili."

"Tatu! Nne!" wakamalizia wanakwaya.

Akainama kuchungulia uvunguni. "Huku chini kote vumbi, shokapu peke yake ndiyo imeoga. Nani kaipangusa?"

Masikio yaliniwaka. "Fundi wangu, baba, nimemtuma mimi. Na mpunga ni wa mama, wa mbegu, nimeuchukua bila kumwambia." Yote yalinitoka, hata ya mpunga ambayo hakuna aliyeniuliza.

"Shokapu kufa ni kawaida," akasema taratibu. "Lakini unataka binti yangu, halafu unanificha ubovu kwa kitambaa? Mrudishie mama yako mbegu zake. Ukija tena, uje na shokapu nzima."

Magunia yakapakiwa upya mchana kweupe, bila kigelegele hata kimoja.

Rehema nilipewa, baada ya miezi mingi ya kwenda na kurudi, na tangu siku ile kitu changu kikivuja nakiacha kivuje watu wakione. Lakini mpaka leo nikifika Lupiro, baba mkwe haitikii shikamoo yangu kwanza. Anazunguka nyuma ya gari, anabonyeza, anahesabu, na ikiishia "moja" ndipo anasema marahaba.