Mbwa Aliyekula Kwanza

Kabla ya kuwa nyumba yangu, gari lile lilikuwa likibeba abiria na mifuko ya maharage kati ya Butembo na Beni. Lilikuwa Hiace ya zamani, mali ya familia moja ya Waislamu wa Butembo, wasafirishaji tangu babu yao. Baba wa familia hiyo alinieleza habari za injini mchana mzima, nami nikawa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kisha nikang'oa viti vyote vya nyuma, nikaweka godoro, jiko dogo la gesi, ndoo mbili, rafu ya vitabu na mapazia ambayo mke wangu alikuwa ameyachoka. Yule mzee alipopita kuona kazi yangu, alimkuta mbwa wangu amelala juu ya godoro, kichwa kwenye mto.

"Papa," akasema, "mimi niliuzisha gari. Hapana nyumba ya imbwa."

"Tunasafiri naye, mzee. Safari ndefu."

"Na madame?"

"Madame anabaki."

Akamtazama mbwa, akalitazama godoro, akanipa pole kama ya mtu aliyefiwa.

Wazo lilitoka kwenye simu. Jioni, badala ya kuandika, nilikuwa nikitazama watu wa nchi za mbali, wenye umri wangu na mvi zangu, walioacha nyumba zao wakaishi ndani ya magari pamoja na mbwa. Wanaamka kando ya ziwa. Wanachemsha kahawa. Wanaandika sentensi moja nzuri halafu wanalitazama ziwa tena. Nilijiambia: ziwa tunalo, kahawa tunayo, na sentensi moja nzuri labda itapatikana. Nilichokuwa sijakigundua ni kwamba katika video zote hizo sikuwahi kumwona shangazi hata mmoja.

Nimesema safari ndefu. Kwa kilomita, ni aibu kuitaja. Butembo kushuka Kyavinyonge kando ya ziwa, kurudi milimani, kupanda Beni, halafu Mangina kwa ndugu wa upande wa Mabalako, halafu nyumbani. Dereva wa lori angecheka. Lakini sisi tulikuwa tukienda polepole, tukilala katika uwanja wa parokia au nyuma ya kituo cha mafuta, tukikwama kwenye matope na kungoja yakauke. Mbwa alikaa kiti cha mbele, masikio yamesimama. Mamotari, wale wabeba abiria kwa pikipiki, walipotupita walipunguza mwendo ili wachungulie. "Papa! Madame wako ni murembo!" Nilicheka nao mwanzoni.

Asubuhi zilifanana. Mbwa alinilamba sikio, nikawasha jiko, nikafungua mlango wa pembeni, na nje nikakuta watoto wamekwisha kupanga mstari kama mbele ya televisheni. Walinitazama nikipiga mswaki. Walimtazama mbwa akijikuna. Nadhani mbwa aliwafurahisha zaidi.

Kuhusu chakula, tulikuwa na utaratibu wetu. Nikianza kula kabla yake, aliweka kidevu gotini pangu na kudondosha mate juu ya karatasi zangu mpaka nishindwe. Kwa hiyo nilikuwa nampa tonge la kwanza, tena la mahali pazuri, ili ninunue amani. Nimesoma chuo kikuu miaka mingi, lakini ndani ya gari lile mwanafunzi nilikuwa mimi. Kule Kyavinyonge, ambako samaki ni wengi kuliko mboga, mwiba ulimkwama kooni siku ya pili. Alikohoa, akazunguka, akanitia hofu kubwa. Wanawake wauza samaki wakasimama kututazama, ndoo vichwani. "Angalia papa mwenye kulala mu taksi," mmoja akawaambia wenzake, "analilia imbwa." Tangu siku hiyo nikampa samaki kwa uangalifu: namtolea miba, nampa kipande, kisha nainama kumtazama usoni mpaka ameze vizuri.

Nawaomba wasomaji waikumbuke picha hiyo ya mtu aliyeinama, kwa sababu mtaa mzima wa Beni unaikumbuka.

Tuliondoka Kyavinyonge na kikapu cha tilapia waliokaushwa kwa moshi, zawadi ya kumpelekea shangazi yangu wa Beni. Kwenye kizuizi karibu na mji huo, askari aliyetoka mkoa mwingine alizunguka gari mara mbili. "Vieux, hii ni gari ao ni nyumba?" Nikamjibu ni vyote viwili. Akamnyooshea mbwa kidole: "Na huyu, ye ni locataire?" Wenzake wakamcheka mpangaji wangu, wakaturuhusu kupita.

Shangazi yangu ni mdogo wake baba. Ndiye aliyenilea miaka yote ya sekondari, katika nyumba ileile ya Beni tuliyokuwa tukiiendea. Ni mjane. Kila asubuhi anapika uji na mandazi mbele ya nyumba yake, kando ya barabara, na mamotari wa mtaa huo hawawashi pikipiki kabla ya kupita kwake. Siku zile nyumba ilikuwa imejaa jamaa waliokimbia vijiji vyao. Walilala sebuleni, walilala jikoni, mama mmoja na watoto wake walikuwa na chumba cha nyuma. Alipojua nakuja, shangazi akamhamisha mama huyo na watoto wake, akakisafisha kile chumba kwa ajili yangu. Akatandika shuka ambalo nililitambua: lilikuwa la harusi yake.

"Shangazi, usijisumbue," nikasema. "Nitalala ndani ya gari. Nimezoea. Na mbwa hawezi kulala peke yake."

Nilidhani nimefanya wema. Nilijiona kabisa: mtu aliyesoma, asiyetaka makuu, anayewaachia wakimbizi chumba. Shangazi akasema, "Sawa, papa," akaenda kuwasha moto.

Majirani walikuja kunisalimu, kama inavyofanyika mtoto wa nyumba anaporudi. Walikuwepo mamotari wawili wa mtaa, na mama wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa shangazi tangu ujana, aliyekuja na kasikisi yake, pombe ya ndizi, katika kikombe cha plastiki. Tukaketi uani. Maji ya kunawa yakazunguka. Shangazi akaleta bugali na wale tilapia, amewapika kwa nyanya na mawese, akamega kipande kidogo, akachovya, akala mbele yetu sote. Ndivyo anavyofanya mwenye nyumba kwetu: anaonja kwanza. Kila mtu anajua sababu, na hakuna anayeisema. Kisha akasogeza sahani mbele yangu, mimi mgeni, nianze.

Mbwa akaja akaweka kidevu gotini pangu.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulichukua nyama ya mgongo, ukatoa miba, ukampa mbwa. Nikainama. Nikamtazama usoni. Nikangoja ameze, nikangoja kidogo tena kuwa na hakika. Ndipo nikanyoosha mgongo, nimeridhika, nikaanza kula.

Mama wa ng'ambo alikuwa ameinua kikombe chake. Akakirudisha chini bila kunywa, ingawa kasikisi ilikuwa yake mwenyewe. Motari mmoja akakumbuka abiria anayemngoja. Mwenzake akakumbuka kwamba abiria ni wawili.

"Kula, papa," shangazi akasema taratibu. "Imbwa imekwisha kula."

Nikala. Nikasifu pilipili. Niliongea sana jioni ile, nadhani juu ya ziwa na wasafiri, na nililala ndani ya gari nikiwa nimeshiba, mapazia yamefungwa, mbele ya mlango wa shangazi yangu.

Asubuhi nilifungua mlango wa gari nikaona sufuria ya uji imejaa. Mandazi yalikuwa yamepangwa kwenye beseni na hakuna aliyeyapunguza. Mamotari walipita, wakainua mkono, wakaendelea hadi kwa mwanamke mwingine chini kwenye kona. Shangazi alikaa wima kwenye kigoda chake akikoroga uji usiohitaji kukorogwa. Nilidhani kuna ibada, au mgomo. Nikamwita mmoja wa wale mamotari wawili wa jana, aliyekuwa akipiga pikipiki yake kiki.

"Prof," akaniwahi, ingawa sijawahi kuwa profesa, "imbwa iko nzima?"

"Iko nzima."

"Tumbo nayo?"

"Kwa nini tumbo?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Prof, weye ni mutoto wa hii nyumba. Ulisoma. Unafika, unakatala kulala mu nyumba, unalala mu gari. Banakupa chakula, unaonjesha imbwa, unaangalia kama itakufa. Donc sisi tutajua nini kukupita weye?"

Kwetu, mjane mzee anayepikia watu ana mtaji mmoja: kwamba watu wanameza bila kufikiri. Neno mulozi, yaani mchawi, halihitaji kutamkwa na mtu yeyote. Linatosha kufikiriwa barabarani, sufuria inabaki imejaa, na baada ya sufuria yanakuja mengine. Kuna wanawake wa umri wake waliohama mji kwa chini ya hapo. Na aliyeanzisha hakuwa mlevi wala adui. Alikuwa mtoto aliyelelewa kwa sufuria hiyohiyo.

Nikafanya kile wasomi wanachofanya wakiharibu jambo: nikaenda kulieleza. Nilisimama kwenye maegesho ya mamotari nikawaambia juu ya mwiba wa Kyavinyonge, juu ya tabia ya mbwa, juu ya watu wa nchi za mbali wanaoishi ndani ya magari na kulishana na mbwa wao bila ubaya wowote. Walisikiliza kwa heshima.

"Kumbe," mmoja akasema, "Bazungu nao banaogopaka bashangazi?"

Kicheko kile kilinisindikiza mpaka nyumbani.

Shangazi alikuwa akiwamwagia nguruwe uji. Nikaanza kuomba radhi kwa sentensi ndefu. Akaninyooshea mwiko.

"Weye ulisoma nini kule université? Philosophie?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ilikusaidia?"

Nikavua miwani, nikaifuta.

"Leta matandiko yako ku nyumba. Imbwa ilale mu gari, ilie kama inataka kulia. Na kesho utakaa hapa, pembeni yangu, ku barabara. Utakula. Hapana kusema kitu. Utakula tu."

Kwa hiyo nilihamia kwenye chumba cha nyuma. Ilibidi yule mama na watoto wake, ambao shangazi alikuwa amewarudishia chumba, wafungashe tena vikapu vyao waende kujibana sebuleni. Watu waliofukuzwa kwao kwa bunduki waliondolewa tena kitandani kwa sababu ya adabu ya mbwa wangu. Yule mama alinipisha mlangoni, mtoto mgongoni, akanitakia usingizi mwema. Sikumwangalia.

Asubuhi nikaketi kwenye kigoda. Shangazi alichota uji kwa kikombe chake mwenyewe, akanywa nusu, akanipa nusu. Nikanywa mbele ya barabara. Nikala andazi, nikala lingine. Mbwa alilia ndani ya gari kwa sauti ya mtoto aliyeachishwa ziwa, na kila aliyepita alijua kwamba leo mbwa hali, anayekula ni prof. Mtu mwenye miwani anayekula mandazi kwa bidii, peke yake, kimya, huvutia watu. Mamotari walianza kusimama mbali kidogo.

"Prof, ungali mzima?"

"Mzima."

"Ongeza ingine tuone!"

Nikaongeza. Shangazi hakucheka. Aliwatazama kama mtu ambaye biashara yake ni ileile ya siku zote. Siku ya tatu, yule motari aliyenifumbua macho akashuka, akanyoosha kikombe, akanywa akiwa amesimama, macho yake yako kwangu mimi na si kwenye uji. Kesho yake alikuja na wenzake. Walikuja kunicheka, na kwa kuwa kucheka kunaleta njaa, walinunua.

Mangina hatukufika. Niliwapigia ndugu simu nikasema barabara mbaya, na kwa mara ya kwanza barabara mbaya ilikuwa nzuri kwangu. Nilikaa Beni nikila mpaka suruali ikakataa kufunga. Mwishowe shangazi alinitazama nikichukua andazi bila hata mtu wa kunitazama, akasema, "Sasa urudie kwako, papa. Ukibaki utakula faida yote."

Niliuliza kama mambo yamekwisha. Akasema mamotari ni watoto, wanasahau.

Asubuhi ya kuondoka, sufuria ilikuwa katikati, na watu watano sita wakiizunguka na vikombe. Nilimpakia mbwa, nikamkumbatia shangazi, nikawasha injini. Mama wa ng'ambo akatoka kwake wakati huohuo, kikombe chake cha plastiki mkononi. Kwa miaka yote ninayoijua nyumba ile, kikombe kile kilijazwa uji kwa shangazi kabla jua halijapanda. Akasimama ukingoni mwa barabara, akanipungia mkono kwa furaha.

"Safari njema, prof! Usalimie madame!"

Kisha akageuka kushoto, akaanza kushuka kwenda kwenye kona, kwa yule mwanamke mwingine.

Shangazi alikuwa bado ameshika mlango wa gari. Hakumfuata kwa macho.

"Muitikie," akaniambia.

Nikatoa kichwa dirishani, nikaitikia kwa sauti kubwa, kama alivyonilea: "Aksanti, mama! Aksanti sana!"