Kioo Kitupu Kilichougua Malaria

Siku moja kioo kitupu kilikutwa na malaria. Jibu liliandikwa kwa wino, likatiwa saini.

Sisimulii ndoto. Kioo hicho nilikiandaa mwenyewe.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutoboa vidole, kupaka damu kwenye vioo na kuitia rangi ili vijidudu vionekane. Kutazama darubini ilikuwa kazi ya mkuu wa maabara, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na shaka sifuri kichwani.

Tulikuwa na mgonjwa tuliyemwita Mama Pindo, fundi cherehani aliyetushonea makoti yetu meupe. Ndani ya wiki sita mkuu alimwandikia malaria mara mbili. Alimeza dawa zote. Homa ikaondoka, ikarudi, kama mgeni aliyesahau kofia.

Safari ya tatu alisinzia kidole chake kikiwa mkononi mwangu.

"Mama, umelala?"

"Nalala mchana siku hizi, mwanangu. Juzi nimeshona mkono wa shati kwenye shingo."

Mkuu alitazama kioo chake kwa muda ambao mtu hutumia kuangalia kama mvua imekatika.

"Malaria. Apewe dawa, aende nyumbani."

"Mara ya tatu, mkuu? Na huku kusinzia?"

"Uzee huo. Wewe paka rangi, kijana. Darubini tuachie wenyewe."

Utaratibu unataka sehemu mia za kioo zitazamwe kabla ya kuandika jibu. Mwenyewe alitazama tatu.

Nikachukua kioo kipya, kisichowahi kuonja damu. Nikakitia rangi ileile hadi likabaki doa la buluu. Nikakipa namba, nikampelekea.

"Malaria," akasema, akatia saini.

"Mkuu, hicho hakina damu."

Akainama tena. Safari hii alitazama sehemu zote mia, nilimhesabia. Vidoa alivyoviita vijidudu vilikuwa chembechembe za rangi ambayo haikuchujwa.

Nilitegemea aibu. Badala yake akainua chupa ya rangi, akanigeuzia karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Mwandiko wa nani huu?"

Ulikuwa wangu. Tarehe yangu, saini yangu. Wiki saba nyuma niliichanganya kwa haraka, sikuichuja.

Akaniwekea mkono begani.

"Sasa sisi ni ndugu. Ukinyamaza, nanyamaza. Ukisema, unazama wa kwanza. Mama wa watu atameza vidonge, na vidonge haviui."

"Haviui. Unaoua ni ugonjwa tusioutafuta."

Nikafungua daftari la makosa. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, kosa langu, na kwamba wote waliopimwa kwa chupa ile warudiwe. Mstari wa chini yake nikamwachia yeye.

Kisha nikamtoboa Mama Pindo upya, nikaliweka tone lake chini ya darubini likiwa bichi, bila rangi yoyote ya kunidanganya.

"Hiyo si kazi yako!"

"Najua. Niandikie barua."

Kwa muda mrefu sikuona kitu. Katika sehemu ya themanini na kitu, chembe za damu zikaanza kusukumana, kana kwamba mtu anapenya katikati ya umati. Kikatokea kijidudu chembamba, kinajipindapinda kama mkia wa mjusi uliokatika.

Malale. Ugonjwa wa usingizi.

Mkuu alitazama. Siku hiyohiyo akaandika rufaa kwa mkono wake, Mama Pindo akapelekwa hospitali kubwa.

Barua nayo ilikuja: miezi mitatu ya kuosha vioo. Mkuu hakupata barua. Mstari wake ungali mweupe.

Nilikuwa karoni, mikono ina povu, Mama Pindo aliporudi, macho yake yakiwa makavu na makali. Jambo la kwanza aliloliona ni koti langu lisilo na kifungo.

"Wanasema uliyekosea ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Na aliyemwona yule mdudu?"

"Mimi pia."

Akatoa sindano na uzi.

"Basi simama wima, nisikutoboe. Ingawa nakudai."

Ukiwa na tabia ya kutoamini watu, usitarajie nikuonye uiache. Ila siku ya ukaguzi, jipange mwenyewe mbele ya foleni. Chupa ile ninayo hadi leo. Kila ninapokuwa na hakika kamili na jambo, huutazama kwanza mwandiko wake.