Picha za Nyumbani Kwetu Zina Mashimo

Nyumbani kwetu, mtaa wa Huruma, picha zina mashimo. Mgeni akipewa albamu anaanza kucheka, kisha anaona hakuna mwingine anayecheka, anageuza ukurasa polepole. Si panya. Ni mkasi wa mama yangu.

Mtu akifariki kwenye ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, kamati ya mazishi huja kuomba picha ya kutia kwenye programu, kile kijitabu cha ibada ya mazishi. Wengi hawana picha ya mtu peke yake, wana ya kundi, basi mjane anachukua mkasi anamtoa marehemu kati ya wenzake. Kichwa kinapelekwa kwa mchapishaji. Mchapishaji anaapa atakirudisha. Mimi sijawahi kuona kichwa kilichorudi.

Baba alitolewa hivyo hivyo, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alimkata kwenye picha ya kwaya, ile waliyopigwa Krismasi mbele ya kanisa, mpiga picha akamuuzia kila mwanakwaya nakala yake. Kwenye programu baba akatoka mweusi tii, unaona kola na tai, basi. Kitambulisho chake kilibaki serikalini mama alipochukua cheti cha kifo. Picha chache zilizosalia zilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda, na hapo ndipo anapoingia jirani wa juu.

Anayeishi Huruma anajua mambo ya maji. Yakikatika unafungua mfereji, unasikiliza, hakuna kitu, unakasirika, unatoka na kuusahau wazi. Jirani wa juu aliusahau hivyo akaenda kanisani. Maji yakarudi wakati wa mahubiri. Mama alipofika nyumbani katoni ilikuwa inaelea, na sura zote za baba zimekuwa uji. Hajapanda ngazi za ghorofa ile tangu siku hiyo. Kanisani wanasalimiana kwa sababu mchungaji anaamuru kila mtu amsalimie aliye kando yake, lakini salamu hiyo inaishia langoni mwa ploti.

Juzijuzi maktaba ya umma ya hapa mtaani ilifungua chumba cha kumbukumbu za mtaa. Tangazo lilisomwa kanisani, kati ya mchango wa viti na funguo zilizookotwa chooni: mwenye picha za zamani azilete zitunzwe, na asiye nazo aje atazame za wenzake. Mama akanyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Hiyo si kawaida yake.

Jioni tukiwa tunachambua maharagwe akasema, "Nitakuambia kitu na usinicheke."

"Sicheki."

"Sura ya baba yako imenitoka. Koti nalikumbuka. Viatu nakumbuka, nilivilipia mimi. Lakini nikifumba macho nimtafute, naona kola."

Sikucheka. Niliumia, kwa sababu mimi hata hiyo kola siikumbuki, na siku zote nilidhani yeye anamkumbuka kwa niaba yetu sote.

Jumamosi tukaenda. Mama alivaa sare ya kanisani na kitambaa cha kichwa, kama anayekwenda kumtembelea mgonjwa wa heshima. Mlangoni tukakutana na masharti. Mkoba unabaki nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu, na anayetaka kuona picha avae glavu nyeupe. Mama hajawahi kuachia mtu mkoba wake, hata mhudumu wa hospitali. Akaangaliana na mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona mama akishindwa. Kwa sababu ya ile miwani akaanza kumwita mwalimu, na mkutubi akaitika.

Mama akatoa ile picha yetu ya kwaya kwenye Biblia aliyoishika mkononi. Mwalimu akaitazama, akatazama lile shimo, akasema, "Hii kwaya naijua," akaenda kuleta boksi.

Hapo ndipo nilipocheka, na nikakemewa kwa kucheka maktabani. Nyumba kadhaa za mtaa wetu zilikuwa zimeleta picha ile ile, na kila nakala ilikuwa na shimo mahali tofauti. Kila familia imemtoa mtu wake. Ukizipanga mezani unaona kwaya nzima inavyopungua.

Mama hakuwa na habari na wengine, alikuwa anatafuta safu ya nyuma, upande wa kulia. Nakala ya kwanza, aliyeshika mkasi alikata kwa ukarimu, akamchukua marehemu wake pamoja na baba. Mama akamlaani aliyekata, kwa sauti ya chini, maana tuko maktabani. Nyingine ilikuwa na ukungu mahali pale pale.

"Kuna moja nzuri," mwalimu akasema. "Hapo penye shimo lako, nakala hiyo ina mtu. Lakini siwezi kukuonyesha. Mwenyewe ameacha sharti isitazamwe na mtu wa ploti yake bila ruhusa. Anasema watu wa huko wana mkasi."

Mama akauliza ni nani huyo mwenye maringo. Mwalimu akasema majina hatoi. Haikuwa lazima. Mwanakwaya aliyebaki kwenye ploti yetu ni mmoja, na anaishi juu ya dari yetu.

Nikasema nitapanda mimi kumwomba. Mama akasema, "Ni mume wako?"

Alikaa siku kadhaa akitafuta sababu. Magoti yanauma. Ngazi ni chafu. Kisha jioni moja akachukua Biblia yenye picha ndani, akapanda, nami nyuma yake. Nilikuwa tayari kwa vita.

Jirani akafungua mlango. Ni mama wa kule magharibi mwa nchi, mrefu, mpole ukimkuta asubuhi. Akasogea kando.

"Karibuni."

"Sikai," mama akasema, akakaa.

Chai ikaletwa bila kuulizwa. Mama akafungua Biblia, akaiweka picha juu ya meza na kuisogeza mbele. Jirani akainama. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akavaa tena. Kwenye nakala yetu, kando ya lile shimo, amesimama mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, mkono wake mmoja umeingia shimoni ukapotea. Ni mume wake. Na yeye pia alimkata kwenye nakala yake kwa ajili ya programu ya mazishi, na mchapishaji naye aliapa.

"Kumbe alikuwa kwako miaka hii yote," akasema.

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje, na mimi ndiye niliyekuloweshea katoni?"

Mama akanywa chai. "Na wangu?"

"Wako yuko maktaba, mzima. Niliweka sharti kwa sababu nawajua nyinyi. Akifa mtu kesho mtakuja na mkasi." Akamwongezea mama chai. "Na nilikuwa nakungoja uje uniulize mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata walikwenda pamoja, mimi nikibeba mikoba ya watu wawili ambayo hata hivyo ilibaki mlangoni. Jirani akaondoa sharti lake. Mwalimu akaleta ile nakala, na pale safu ya nyuma, kulia, akawa amesimama baba yangu, mfupi kuliko nilivyoambiwa, ana masikio yangu, na begani mwake kuna mkono usio na mwenyewe. Machozi yalimtoka mama, na kwa sababu ya glavu hakuruhusiwa kuyafuta.

Mwalimu akachukua picha yetu na kuilaza juu ya ile ya jirani, akalinganisha pembe. Baba akatokeza ndani ya shimo, na mkono wa mume wa jirani uliokatikia ukingoni ukafika begani mwake.

"Tai imepinda," mama akasema. "Nilimwambia anyooshe tai." Akapeleka kidole ndani ya shimo, akainyoosha taratibu. Mwalimu, ambaye haruhusu mtu kugusa picha, akageuka na kuanza kupanga penseli zake.

Baadaye mwalimu alituuliza kama tunataka picha yetu irudi nyumbani, au atutolee nakala ya hizo mbili zikiwa zimelazwa pamoja, na yetu ibaki maktaba. Mama akamwangalia jirani, jirani akamwangalia mama.

"Nakala nitachukua," mama akasema. "Lakini hizi mbili zitie bahasha moja zikae hapa. Nyumbani nina mkasi."