Kasha Jekundu la Mena Hynes

Kwa miaka kumi na moja Philomena Hynes, ambaye sote tulimwita Mena, alipima samaki kwenye gati letu la Hollis Cove, huku kisiwani Newfoundland, na sijawahi kusikia mtu akimwonea wivu. Ilikuwa kazi ya baridi na shombo. Mashua zikifunga gati, yeye anakuja na ubao wake wenye mistari, anamlaza chewa, anasoma urefu, kisha anampasua kichwa kwa kisu kifupi na kumtoa kijiwe cha sikio, kidogo kama harage. Vijiwe vinatiwa kwenye bahasha, bahasha zinakwenda mjini. Huko wanavikata na kuhesabu pete zake, kila pete mwaka mmoja, kama za shina la mti. Kwa vijiwe hivyo na urefu ule, ofisi ya uvuvi iliamua kama samaki wa ghuba yetu ni wazima au wanakwisha, na sisi tutaruhusiwa kuvua kiasi gani mwaka unaofuata.

Hebu fikiria, maisha ya ghuba nzima yamo kwenye bahasha za mwanamke mmoja. Na mwanamke mwenyewe, nasema hili kwa kumpenda, alikuwa na adabu kupita kiasi.

Mena alikuwa mtoto pekee wa Nahodha Ambrose Hynes, na mama yake alishafariki. Hakuolewa. Alisema soksi za mwanamume mmoja zinamtosha kufua. Alipopata kazi ile walimpeleka mjini wiki mbili kufundishwa, na fundisho kubwa lilikuwa moja: usichague. Ingia tumboni mwa mashua, chukua samaki wanaokuja mkononi, wakubwa kwa wadogo. Kwenye fomu kulikuwa na swali la kumuuliza kila nahodha: Je, samaki hawa wamechaguliwa?

Siku yake ya kwanza kazini, kabla hajashuka kwenye mashua, baba yake alipanda ngazi ya gati amebeba kasha jekundu, akalitua juu ya meza yake. Chewa waliomo walikuwa wameoshwa. "Hawa wako," akasema, na watu wote wakitazama. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungemrudisha mzee wako mbele za watu, useme sitaki, nitashuka kujichukulia mwenyewe? Mena akasema ahsante, Baba. Manahodha wengine walipoona hivyo, nao wakaanza kumletea kasha lake. Na lile swali la fomu hakumuuliza mtu yeyote. Kumuuliza baba yako kama anakudanganya si jambo la kufanywa kwetu. Aliandika "Hapana" mwenyewe, miaka kumi na moja.

Alipenda kutunzwa vile, hilo alikuja kulikiri baadaye. Na makasha yalikuwa mazuri. Kila kiangazi chewa wale wale wanene, sentimita sitini na kitu, na ofisi ikajibu kwamba ghuba yenu haina neno, vueni.

Mwaka wa kumi na moja, asubuhi moja ya mwezi wa sita yenye ukungu, Mena alifika gatini mapema. Alisimama kando ya banda la barafu akijikinga upepo, na chini yake akamwona baba yake ameinama tumboni mwa mashua. Mzee alikuwa anageuza samaki mmoja mmoja. Mdogo anamsukuma pembeni. Mkubwa anamwosha kwa maji ya ndoo, anamfuta kwa kiganja, anamlaza kwenye kasha jekundu kwa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Alikawia kulijaza. Alipekua mpaka kwenye barafu ya chini kabisa.

Dulcie Pomeroy, mkata minofu wa kiwandani, alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai.

"Unashangaa nini wewe?"

"Anachagua," Mena akasema.

"Makubwa haya. Kwani hukujua? Mashua zote zinachagua. Nani atampelekea mwanamke samaki wa aibu? Tena wewe, binti ya Ambrose?"

Mena akaenda mezani kwake, akalingoja kasha.

Jioni aliandaa samaki wa chumvi na mkate mgumu uliolowekwa, chakula anachokipenda mzee, akangoja amalize.

"Baba, lile kasha langu huwa unachagua?"

Ambrose akakoroga chai, nayo haikuwa na sukari. "Ulitaka nikuletee vidagaa, wale wa mjini wakucheke?"

"Hawacheki. Wanahesabu."

"Basi wahesabu samaki wa maana."

"Na leo, baada ya kasha langu, wakubwa walibaki wangapi mle ndani?"

Mzee alikisukuma kikombe pembeni. Akasema, "Hakubaki hata mmoja. Siku hizi mashua nzima inatoa kasha moja, basi. Ulipoanza kazi ningeweza kukujazia ishirini."

Hapo ndipo Mena alipoelewa. Kasha lilikuwa halibadiliki kwa sababu baba yake hakukubali libadilike. Bahari ilikuwa inakwisha kila mwaka, na kila mwaka mzee alipekua zaidi ili mwanawe apate samaki wazuri.

"Usiandike, mwanangu," Ambrose akasema. "Watatufungia. Na mimi watasema ni mwongo."

"Najua, Baba."

Wiki mbili hakuandika. Alishuka mwenyewe kwenye mashua zote, manahodha wakinung'unika, akachukua samaki waliokuja mkononi. Mia tatu. Wengi hawakufika sentimita arobaini na tano, watoto wa miaka mitatu, minne, ambao hawajataga hata mara moja. Usiku halali, mchana hali. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua tangu utotoni, lakini maradhi haya yalikuwa na jina la baba yake. Fomu ilitaka jina la mashua. Angeweza kuandika "baadhi ya mashua" na asingeulizwa. Kwenye fomu, na kwenye barua aliyoituma mjini pamoja nayo, aliandika: Mashua zote, kuanzia ya baba yangu. Na mimi sikuuliza.

Mwezi wa nane ofisi ilimtuma bwana mmoja, Penwell, akaja kuisoma ile barua kwenye ukumbi wa parokia. Aliisoma yote, na yale maneno "kuanzia ya baba yangu" akayasoma pia. Ukumbi ulikuwa umejaa.

Dulcie ndiye aliyesimama kwanza. "Shukrani ya punda mateke," akasema. "Tumekupa samaki wazuri miaka yote, Mena, na malipo ndiyo haya. Sasa watoto wetu utawalisha wewe?"

Watu wakaanza kuguna. Mena alikaa ametazama mikono yake, mikavu, imejaa makovu ya kisu. Ndipo Ambrose akainuka, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na tisa, na siku ile alionekana wa themanini.

"Mwacheni mwanangu. Barua ni ya kweli. Mimi ndiye niliyeanza." Akakaa.

Ghuba yetu ilifungwa kabla ya majira mengine kuanza. Kiwanda kikafuata. Dulcie alihamia bara na wanawe, hakuaga. Wako waliosema afadhali Mena angenyamaza, tungepata angalau miaka miwili zaidi. Mimi nami nilisema hivyo, sioni sababu ya kuficha. Tungepata miaka miwili ya kuvua watoto.

Mwaka wa tatu wa kufungwa, ofisi iliruhusu mashua moja itege wavu mara moja kwa wiki, kwa ajili ya kupima tu. Wakamchagua Ambrose Hynes. Alitega palepale alipotega baba yake na babu yake. Mena alingoja gatini peke yake, meza tayari, penseli sikioni, na chewa hawakuwa wakinuka tena pale, hata ubao wa gati ulikuwa umeanza kuota majani.

Mzee alipanda ngazi polepole na lile kasha jekundu. Alilitua mezani. Mlikuwa na chewa saba. Hawakuoshwa, magamba na makamasi yamewaganda, na mrefu kuliko wote alikuwa wa sentimita thelathini na nane.

Mena alifungua fomu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwangalia baba yake usoni na kumuuliza, "Nahodha, samaki hawa wamechaguliwa?"

"Hapana," Ambrose akasema. "Ndio hawa wote."

Mena akaliandika jibu. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi, kwa hiyo mzee akaiwekea kiganja chake juu, ikatulia mpaka binti yake alipomaliza kupima.