Salamu Zilizoingia Kwenye Orodha

Niliondoka Mbeya kwa sababu mkuu wa ofisi yetu ya Iyunga hakuiamini teleksi. Mimi niliipenda kupita kiasi: unachapa Mbeya, maneno yanajichapa yenyewe Iringa. Mkuu alinikabidhi orodha ya vijiji vya kupelekewa mbegu, nikailinganishe na ile itakayopokelewa huko. "Ikikosewa hata herufi, mashine inaondoka, na wewe unarudi masijala," alisema. Masijala ni kupanga majalada kutwa nzima.

Alfajiri nilipanda basi. Kabla ya Chimala nilikuwa nimeshamweleza jirani yangu, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka Usukumani, jinsi utepe wa karatasi unavyotobolewa matundu, kisha mashine ikayasoma.

"Na karatasi yenyewe inabaki Mbeya?"

Nikasema inabaki.

"Basi hamjatuma kitu," akasema, akalala. Nilicheka peke yangu mpaka Makambako.

Jioni nilifika Kihesa kwa mwenyeji wangu, Mama Chesko, mpokeaji wa teleksi wa Iringa. "Kamwene," alinisalimu, kisha akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za kila aliyenizaa. Ugali ulipoa tukiwa bado mlangoni.

Saa tatu asubuhi, ofisini, kengele ya mashine ililia. Kule Mbeya mwenzangu Ambokile, mtu wa adabu, alikuwa ametoboa utepe unaoanza na HABARI ZA IRINGA, orodha ikifuata humo humo. Mama Chesko akachapa jibu palepale. Utepe haukumsubiri. Herufi zikagongana, na kijiji cha Utengule kikatoka UTENZURIWATOTOJE.

"Mama, umechapa juu ya orodha."

"Sasa mwanangu, mtu anakusalimia, unamnyamazia?"

Akachapa: AMBOKILE TUSALIMIANE KWANZA. UKIMALIZA SEMA, NAMI NIKIMALIZA NITASEMA. Wakasalimiana kwa zamu, bila haraka. Ndipo utepe ukaanza upya. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari. Haikupotea hata herufi moja.

Kesho yake, Iyunga, niliweka karatasi zote mbili mezani, ile iliyoharibika juu. Mkuu aliisoma yote.

"Mashine haijakosea," alisema. "Imepeleka kila kilichochapwa, hata adabu zenu."

Nikabaki kwenye teleksi. Nilichojifunza ni kwamba hata mashine ziongee kwa mbali namna gani, bado lazima mmoja anyamaze ili mwingine asikike. Siku ile ile nilichapa Iringa kwamba nimefika salama, nikaondoa mikono kwenye vitufe, nikasubiri.