Nilidhani OpenBSD ni Linux yenye jina jingine, nikafuta mipaka ya mashamba ya watu

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Hii siyo chai. Ningekuwa natunga, ningejipendelea kidogo.

Kila siku humu jukwaani naona watu wanatoana macho kuhusu mifumo ya kompyuta, Linux bora, BSD bora, wengine wanasema zote ni watoto wa Unix, tofauti hakuna. Mimi nilikuwa wa "tofauti hakuna".

Nafanya IT kwenye taasisi ndogo hapa Ifakara. Wenzangu wanakwenda vijijini, wanatembea na mwenye shamba mpakani, wanachukua vipimo vya GPS na kumrekodi sauti akitaja majirani zake, huku kwa fulani, kule mpaka mferejini. Vyote vinahifadhiwa kwenye server moja.

Server hiyo aliifunga kaka Fulgence, Mpogoro wa Mahenge, mkimya, hana mbwembwe. Aliiwekea OpenBSD, mmojawapo wa hiyo mifumo ya BSD. Alipohamia Songea akaniachia neno moja: "Mdogo wangu, soma manual kabla hujagusa kitu."

Nikacheka moyoni. Mtu wa Linux tangu chuo, nisome manual ya nini?

Hapa niwaweke sawa wasiojua. Linux, kernel, yaani kiini cha mfumo, inatoka kwa hawa, tools kwa wale, halafu distro, yaani toleo, inaunganisha. Ndiyo maana tumezoea kugoogle, kila distro na lake. OpenBSD ni nyumba moja, walioandika kernel ndio walioandika tools na manual, na majibu yamo humohumo.

Ila zote zimerithi tabia moja. Ukiwa root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, ukaamuru, inatii. Haikuulizi kama una uhakika.

Basi bwana, nafasi ikaanza kubana. Nikafungua orodha ya vipande vya diski ya data. Kipande a, kumbukumbu zote. Kipande d, backup, yaani nakala zake. Ndiyo, backup kwenye diski ileile, msinipige mawe. Nilishaambiwa tutafute diski ya nje, nikawa nasema kesho, kesho.

Katikati kulikuwa na c, pembeni yake imeandikwa "unused".

Hee! Nikajisemea, kumbe kuna eneo limelala bure. Ukubwa wake ulikuwa sawa na diski nzima. Niliuona kwa macho haya na sikujiuliza.

Nika-unmount vyote, yaani nikavitenga na mfumo, ili niwe salama, nikapiga command ya dd iandike sifuri kwenye c yote, ifutike kabisa kabla sijaitumia, nikaenda zangu kula wali na perege.

Niliporudi imemaliza, kimya. Nikajaribu kufungua a, ikagoma. Nikajaribu d, ikagoma. Nikampigia kaka Fulgence.

"Uligusa c?"

"Ndiyo, kaka."

"Mdogo wangu, c siyo kipande. Kwenye BSD c ni diski nzima. Mbona imeandikwa kwenye manual?"

Nikaenda kusoma. Imeandikwa kweli, Kiingereza chepesi kabisa.

Haikupita muda akaja mama mmoja kutoka upande wa Malinyi, nimwite Mama Tuma. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake wanadai shamba la mpunga ni la ukoo. Kesi ilikuwa baraza la ardhi. Marehemu alirekodiwa na mwenzetu akiwa mzima, akisema shamba lile amelifyeka yeye na mkewe, na mipaka akaitaja yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata sauti ya baba Tuma. Nimeambiwa mnayo."

Bosi wetu alishanielekeza cha kusema. Nikasema, "Pole mama, mashine iliharibiwa na umeme."

Akatikisa kichwa. "Umeme huu! Poleni na nyie, mwanangu."

Alinipa pole mimi.

Yule mwenzetu aliyemrekodi marehemu alitaka kwenda kutoa ushahidi. Bosi akamkataza, maana angeulizwa rekodi iko wapi. Mama Tuma akasimama peke yake, akashindwa, akatolewa shambani mpunga ukiwa haujavunwa.

Sasa yuko kwa dada yake kule Mkula, anachoma mahindi kando ya barabara. Juzi nikipita na pikipiki akanisimamisha, akanichagulia hindi zuri.

"Kula, mwanangu. Nyie mlijitahidi kunisaidia."

Nikalipokea, nikalila palepale mbele yake. Naona aibu hata kuandika hapa.

Nilichojifunza: mfumo ukifanana na unaoujua, ndipo usome manual yake kwa makini zaidi. Na backup ikae diski nyingine, jengo lingine kabisa. Mashamba mengine tumeanza kuyapima upya, ila ya marehemu ndiyo hivyo tena.

Muda wa kukata rufaa bado upo. Nikisema ukweli, mwenzetu anaweza kwenda kumtetea, na mimi kazi sina, na nyumbani wananitegemea. Nikinyamaza, muda unaisha.

Semeni wakuu, hata matusi nitayasoma yote. Ila asije mtu akaniambia mashine ndiyo ilikosea. Uongo huo nimeshamwambia Mama Tuma.