Misalaba ya Shaba

Mwaka 2016 nilikuwa mlinzi kwenye makumbusho ya mkoa jijini Johannesburg, ndani ya kasri la mawe ambalo tajiri mmoja wa migodi alilijenga zamani kilimani, mtaa wa Observatory. Ghorofani kulikuwa na michoro na historia ya mji. Chini, kwenye vyumba vya baridi, viliwekwa vitu vilivyofukuliwa ardhini. Mimi nilipangwa chini.

Humo mlikuwa na kabati la kioo lenye misalaba midogo ya shaba kutoka kwetu Katanga. Nilimsimulia baba, aliyekuja kutoka Lubumbashi kutibiwa figo, tukawa tunaishi naye chumbani kwetu mtaa wa Berea. Alikuwa amefundisha historia maisha yake yote. Akaniomba nimpeleke.

Tulikwenda Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Alivaa koti lake la kufundishia. Ngazi zilimchosha, tukapumzika mara tatu. Mbele ya kabati aliinama, akasoma maelezo kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, kisha akaniuliza kama ameelewa vizuri kwamba misalaba ile ilitolewa kaburini, kifuani mwa marehemu. Nikamwambia ndivyo.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama pale miezi na miezi, na swali hilo halikuwahi kunijia. Baba alivua kofia, kama mtu aliyefika msibani amechelewa.

Kwenye teksi ya kurudi alinishika mkono. "Mwanangu, usiniache huku. Nirudishe nilale karibu na mama yako."

Nikaahidi. Niliahidi haraka, ili tuongee mengine.

Alifariki mwezi wa saba, baridi ikiwa kali. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kimekwisha muda, na karatasi za kumvusha mipaka mitatu hazikupatikana. Siku ya kumi na mbili wazee wa kanisa letu waliniambia kwa upole kwamba inatosha, tumpumzishe. Tukamzika hapahapa Johannesburg. Binti yangu alisoma neno la kumuaga babu yake kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, hakisemi.

Niliporudi kazini niliomba kuhamishiwa ghorofani, kwenye michoro. Wakakubali.

Dada yangu mkubwa, aliyebaki Lubumbashi, nilimweleza yote, pamoja na ile ahadi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Siku hizi akipiga, huomba kuongea na watoto.